Makanga wa Simu Yako

Hebu tuulizane. Saa hii TikTok iko wazi, ngoma inacheza nyuma, WhatsApp inaita, na hapo hapo meseji ya M-Pesa inaingia. Nani anaamua ni gani ihudumiwe kwanza? Si wewe, bana. Ni mfumo endeshi.

Fikiria matatu. Prosesa ndiyo dereva, kazi yake ni kukanyaga mafuta. Makanga ndiye anajua nani amepanda, nani akae wapi, mzigo uwekwe wapi, nani ashuke. Mfumo endeshi ndio makanga. Unagawa muda wa prosesa, unagawa memori, unapanga mafaili, na unazuia programu moja isipekue mzigo wa nyingine.

Zamani makanga hakuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kompyuta moja ilijaza chumba. Unangoja zamu yako, unaleta kadi zako zilizotobolewa, unapanga kila kitu mwenyewe, ukimaliza ndio mwingine aanze. Watu wakipishana, mashine ya bei hiyo yote imekaa tu. Mwaka 1956, General Motors na North American Aviation wakaitengenezea IBM 704 programu ya kupokezanisha kazi, moja ikiisha nyingine inaingia. Huo ni kati ya mifumo endeshi ya kwanza kabisa.

Ikaja 1969. Bell Labs ya Marekani ilikuwa imejitoa kwenye mradi mkubwa, Multics. Ken Thompson akachukua PDP-7, kompyuta ndogo iliyokuwa haina shughuli nyingi, akaanza kujenga kitu chepesi. Yeye, Dennis Ritchie na wenzao ndio walitupa Unix. Mwaka 1973 wakaiandika upya kwa lugha ya C, ikawa rahisi kuihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine.

Sasa shika hapa. Mwaka 1991, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Linus Torvalds, alitaka kitu kama Unix kwa kompyuta yake ya nyumbani. Akaanza kuandika kiini chake mwenyewe, na Agosti akatangazia watu mtandaoni kwamba anakifanya kwa kujifurahisha tu. Ndio hiyo Linux. Mwaka 1992 akaiweka chini ya GPL, leseni aliyoianzisha Richard Stallman: soma, badilisha, gawa, lakini ukigawa, usiwafungie wenzako mlango.

Simu ya kwanza ya Android iliuzwa 2008, na kiini chake ni Linux. Kwa hivyo kama simu yako ni Android, unatembea na kazi ya huyo kijana mfukoni. Ni kweli kampuni huongeza vitu vyao juu, na vingine wamevifunga. Lakini kiini kiko wazi.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua mnangoja niseme shule haina maana. Zii. Torvalds alimaliza shahada ya uzamili, tena tasnifu yake ilikuwa juu ya Linux hiyo hiyo. Point yangu ni nyingine: alikuwa na mashine ya kuchokora, na wengine waliweza kusoma alichoandika na kukirekebisha bila kuombwa cheti mlangoni.

Ndio maana nakataa hii story ya ati sisi vijana wa Kenya kazi yetu ni kutumia tu. Msimbo wa Linux unaweza kuushusha leo, bure. Tumia hiyo bando usome makanga wako anafanya nini na simu yako.