Safari Rally: Wakali wa Nyumbani Unafaa Kuwajua, na Mbona Hakuna Mkenya Ameshinda ya Dunia Tangu 1994

Safari Rally ikikaribia, hata hapa Awendo utajua tu. Masubaru zinaanza kupiga kelele usiku, mbogi inachanga doo ya mafuta, na njia ni ile ile: Rongo, Kisii, Sotik, Bomet, Narok, Mai Mahiu, halafu Vasha. Wakirudi Jumatatu, uliza msee yeyote gari gani ilishinda. Atakuambia Toyota. Sasa muulize Mkenya wa kwanza alimaliza namba ngapi. Kimya.

Na si makosa yao sana. Picha zote huwa ni za nyama choma, mashuka za Kimaasai na Ogier akiruka na gari. Madereva wetu wanapata sekunde kumi kwa habari, basi. Kwa hivyo leo tuwape haki yao. Hawa ndio wakali wa nyumbani unafaa kuwajua kabla upande gari kwenda Vasha, na baada ya hapo nitakuambia mbona nadhani tunakaa muda mrefu hivi bila kushinda.

SAFARI ILIANZA AJE

Mbio zilianza 1953 zikiitwa East African Coronation Safari, za kusherehekea Malkia Elizabeth wa Pili kutawazwa. Zilikuwa zinapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Jina likabadilika 1960 likawa East African Safari, na baadaye ikawa Safari Rally tu.

1973 ikaingia kwa mashindano ya dunia, ile WRC unasikianga. Ikatolewa baada ya 2002. Ilikuwa irudi 2020, Korona ikaharibu, ikarudi 2021 pale Naivasha, Uhuru Kenyatta akipeperusha bendera KICC.

Ya zamani na ya sahii ni vitu viwili tofauti. Ya zamani ilikuwa kama kilomita 5,000, siku kadhaa, usiku na mchana, kwa barabara ambazo hazijafungwa. Lori iko hapo, ng'ombe iko hapo, na wewe uko mbio. Ya sahii ni siku nne, na wanakimbia kwa vipande vinavyoitwa steji. Usichanganye na steji ya matatu. Hii ni kipande cha barabara kimefungwa, magari yanaachiliwa moja moja, saa inahesabu. Mwenye dakika chache kwa jumla ndiye mshindi. Shika hiyo tofauti, tutairudia.

1. JOGINDER SINGH, SIMBA WA KENYA

Huyu alizaliwa Kericho 1932, na alikuwa fundi wa magari kabla awe jina kubwa. 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Mitumba, msee. Akawa dereva wa kwanza asiye mzungu kuchukua Safari.

Akarudi 1974 akashinda na Mitsubishi Lancer, halafu 1976 akafanya tena, na mwaka huo Lancer zilichukua namba moja, mbili na tatu. Watu wanapenda Evo leo bila kujua kwamba jina la Lancer kwa rally lilijengwa na Kalasinga wa Kericho kwa matope ya hapa kwetu.

Kitu mimi humpendea ni kumaliza. Aliingia Safari 22, akamaliza 19. Kuna miaka Safari ilikuwa inaua magari vibaya: 1968 yalianza 93, yakamaliza 7, na yeye alikuwa kati ya hao 7. Fundi anajua gari inalia wapi. Alifariki London 2013.

2. SHEKHAR MEHTA, MFALME WA TANO

Mehta alizaliwa Uganda 1945 kwa familia ya wenye mashamba makubwa. 1972 Idi Amin akafukuza Wahindi, familia ikahamia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, huyo jamaa akashinda Safari na Datsun 240Z. Fikiria hiyo. Umepoteza nyumbani, na mwaka unaofuata uko juu ya boneti unamwagiwa maji ya ushindi.

Na hiyo 1973 haikuwa rahisi. Enzi hizo walikuwa wanahesabu dakika za kuchelewa kwa vituo. Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa sawa sawa, ikabidi waangalie nani alikaa mbali zaidi bila kupata adhabu. Mehta akachukua.

Halafu akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982. Minne mfululizo, na Mike Doughty akimsomea njia. Jumla tano. Ogier na Rovanperä wakiweka zao pamoja wamefika nne tu kufikia 2025. Hakuna mtu amewahi kumpita Mehta kwa Safari ya dunia, na mimi sioni nani atampita karibuni. Ajali ya Misri 1987 ilimtoa kwa usukani, akaenda kusimamia tume ya rally ya FIA mpaka alipofariki 2006.

3. ORIE ROGO MANDULI

Watu wetu wa Nyanza wanamkumbuka kwa vilemba vikubwa na mdomo usioogopa gava. Wachache wanajua kwamba 1974 huyu binti wa Kijaluo aliingia Safari Rally kama dereva, mwanamke Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Hiyo ndiyo Safari Joginder alishinda na Lancer. Omera, miaka hiyo mwanamke kuendesha gari tu mtaani ilikuwa story ya wiki nzima. Mama alifariki 2021, mwaka ule ule Safari ilirudi kwa dunia.

4. PATRICK NJIRU

Ukiona msee anaita kila gari Subaru, laumu Njiru. 1993 alipewa Subaru Vivio, kagari ka sisi 660. Colin McRae, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia, alikuwa na Vivio kama hiyo. McRae akachomoka mbio mwanzoni, gari ikamshinda. Njiru akaipeleka mpaka mwisho.

1994 akapewa Impreza, akamaliza namba nne kwa jumla. Mwafrika mweusi, namba nne kwa mbio za dunia, na viwanda vya Japani viko pale na madereva wao wakubwa. Kama hiyo ingekuwa ni mpira, angekuwa na sanamu.

5. IAN DUNCAN

Mwaka huo huo wa 1994 mshindi alikuwa Duncan, na Toyota Celica, David Williamson akimwelekeza. Kwa hivyo kwa Safari moja tulikuwa na Mkenya namba moja na mwingine namba nne. Tangu siku hiyo hakuna Mkenya ameshinda Safari ikiwa ya dunia.

Kuna mtu atasema, na Carl Tundo je? Sawa. Tundo ameshinda Safari mara tano, 2004, 2009, 2011, 2012 na 2018, na 2021 akawa bingwa wa Afrika. Mkali kabisa. Lakini hizo tano zote zilikuja wakati Safari ilikuwa imetolewa kwa dunia, na timu za viwanda hazikuwepo.

MBONA IMEKUWA NGUMU HIVI

Kuna sababu mbili, na ya kwanza hatuizungumzii.

Kuanzia 1953 mpaka 1971, kila aliyeshinda Safari alikuwa mtu anayeishi Afrika Mashariki. Hata Tanzania walipata yao, Bert Shankland akishinda 1966 na 1967 na Peugeot 404. Wazungu wa Ulaya walikuja na magari mazuri wakarudi nyumbani mikono mitupu, mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipovunja hiyo laana 1972.

Walikuwa wanashindwa kwa nini? Chukua dereva wa trekta la miwa hapa Awendo. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi anajua barabara gani ya shamba itammeza na gani itampitisha mpaka kiwandani Sony. Mlete dereva wa Ulaya na trekta jipya, atakwama kabla saa nne. Safari ya zamani ilikuwa hivyo. Ukijua udongo mweusi, ukijua mto upi unafurika, ukijua ng'ombe wanavuka wapi saa kumi na mbili, umepunguza pengo la pesa.

Ya sahii imefuta hiyo faida. Steji imefungwa. Kabla ya mbio kila dereva anapitishwa pale mara mbili polepole na mwelekezi wake, wanaandika kila kona na kila jiwe. Yule Mfini na yule wa Nakuru wanaanza na daftari sawa. Kinachobaki ni gari.

Na gari ndiyo sababu ya pili. Kuna madaraja. Juu kabisa ni Rally1, za Toyota, Hyundai na Ford. Nguvu yake ni karibu farasi 400, na kati ya 2022 na 2024 zilikuwa na umeme wa kuongeza, zikapita 500. Chini yake ni Rally2, karibu farasi 290. Halafu Rally3, kama 215. Wakenya wetu wako kwa Rally2, Rally3 na magari ya chini zaidi. Kushindana na Ogier ukiwa na Rally3 ni kama kukimbizana na nganya mpya ukiwa na probox imejaa mahindi.

Tena hiyo Rally3 ya chini, ikiwa mpya, inazunguka euro 100,000. Kwa pesa yetu ni zaidi ya milioni kumi, kabla ununue tairi hata moja.

Unataka ushahidi kwamba ni doo? 2022 jamaa wa Ugiriki anaitwa Jourdan Serderidis, ambaye si dereva wa kulipwa na kiwanda, alikuja Naivasha na Ford Puma ya Rally1. Umri umeenda, lakini mfuko uko. Akamaliza ndani ya kumi bora. Hebu sasa fikiria Tundo au Karan Patel kwa hiyo Puma.

WA SAHII WA KUANGALIA

Usidhani vijana wetu wamelala. Safari iliporudi 2021, magari makubwa yalikufa kama nzi. Kalle Rovanperä alikwama kwa lile vumbi laini linaitwa feshfesh. Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza, gari ikavunjika nyuma kwa steji ya Loldia, ndoto ikaisha, Ogier akachukua. Lakini angalia chini kidogo: Onkar Rai namba saba, Karan Patel namba nane, Tundo namba tisa. Wakenya watatu kwa kumi bora ya dunia, na magari ya daraja la chini. Onkar pia akashinda WRC3. Nani alifanya sherehe?

2022 Maxine Wahome akashinda WRC3 hapo Naivasha na Ford Fiesta, mwanamke wa kwanza kushinda daraja hilo kwa mbio za dunia.

McRae Kimathi, ambaye jina lake limetoka kwa Colin McRae, alipeleka gari kwa theluji ya Sweden 2022. Manvir Baryan alichukua taji la Afrika mara tatu mfululizo, 2017 mpaka 2019, na Karan Patel naye ameshalichukua.

MAONI YANGU

Kwanza, kama unaniuliza nani mkubwa wa wakati wote, najua wengi watasema Mehta kwa sababu ya hesabu. Mimi ni Joginder. Mehta alishinda mara nyingi zaidi, na timu ya Datsun ilikuwa nyuma yake. Joginder alianza na gari ya mtu mwingine iliyozeeka na spana mkononi. Huyo ndiye anafanana na sisi.

Pili, Safari imekuwa sherehe tamu na biashara nzuri kwa watu wa Naivasha, sina ubaya na hiyo. Lakini kuandaa mbio za dunia kila mwaka na kukaa tukishangilia wageni pekee ni kama kuandaa harusi kila mwaka na wewe mwenyewe huoi. Pesa ya kodisha gari moja ya Rally1, kwa Mkenya mmoja, kwa wikendi moja, si kitu mbele ya pesa zinazotumika kuleta hayo mashindano hapa. Safaricom wako, gava iko, mabenki yako. Weka Mkenya mmoja pale juu uone kama Vasha itatosha watu.

Tatu, na hii ndiyo inaniuma. Ukiangalia majina ya sahii, wengi ni watoto wa familia zenye gereji, biashara au baba aliyekuwa dereva. Hawakukosea kuzaliwa hapo, na wanaendesha fiti. Lakini kuna kijana hapa Awendo anapeleka nduthi kwa matope na abiria wawili na gunia la mahindi bila kuanguka, mikono yake ni ya rally kabisa, na hakuna mlango hata mmoja wa kuingilia. Hakuna shule ya mbio, hakuna gari ya kujaribia, hakuna mtu wa kumuona. Joginder wa leo akiwa fundi mtaani, atazeekea hapo hapo chini ya gari ya mtu.

Kwa hivyo ukienda Vasha mwaka ujao, enda na mbogi, kula nyama, piga picha. Ila gari za Rally1 zikishapita, usirudi kwa hema. Kaa kando ya barabara. Hao wanaofuata na bendera ya Kenya mlangoni wanaendesha njia ile ile, mawe yale yale, na nusu ya gari. Jua majina yao. Wapigie kelele kama unavyompigia Ogier.