Toyota TownAce Noah

Toyota TownAce Noah ni gari la familia la viti 8 lililotengenezwa na kampuni ya Toyota ya Japani kuanzia Oktoba 1996 hadi 2001. Pacha wake, LiteAce Noah, alitofautiana naye hasa kwa sura ya mbele, na mwishoni mwa 1998 yote mawili yalifanyiwa marekebisho ya umbo.

Injini imelazwa chini ya viti vya mbele. Ndiyo maana fundi huanza kwa kuinua kiti, na dereva hulijua joto lake safari ikiwa ndefu. Ya petroli ni 3S-FE: silinda 4, cc 1,998, nguvu farasi 130. Ya dizeli ina cc 2,184 na turbo. Gari husukumwa na magurudumu ya nyuma; toleo la SR50 hutumia yote manne. Pua fupi iliyo mbele ya miguu ya dereva iliongezwa kwa ajili ya usalama wakati wa ajali, kwani TownAce za awali zilikuwa bapa.

Mlango wa kusukuma ni mmoja, upande wa kushoto. Japani huendesha kushoto kama Kenya na Tanzania, hivyo abiria hushukia pembeni mwa barabara. Yaliyoingizwa Afrika Mashariki yakiwa mitumba yaligeuzwa ya biashara, na Tanzania “Noah” likawa jina la usafiri wenyewe.

Mrithi wake wa Novemba 2001, Noah tupu, huvutwa na magurudumu ya mbele.