Mkono wa Kushoto katika Piano ya Bluzi

Wasikilizaji, mtu atakaye kuzifahamu nyimbo za bluzi zilizopigwa kwa piano na Wamarekani Weusi wa zamani, asianze kwa kukusanya santuri nyingi. Na aanze na moja, airudie mpaka mkono wa kushoto wa mpigaji umkae masikioni. Mkono wa kulia hupamba. Wa kushoto ndio uchukuao mzigo.

Kwa maoni yangu santuri hiyo ni How Long, How Long Blues, aliyoitia Leroy Carr mwaka 1928 pamoja na mpiga gitaa Scrapper Blackwell. Carr hapigi kelele. Huimba kama asemaye na rafiki usiku, na piano yake huenda taratibu chini ya maneno. Alikufa mwaka 1935, umri wake yapata miaka 30.

Baada yake msikilizeni Pine Top Smith, ambaye santuri yake ya bugi-wugi ilitiwa Chicago mwezi Desemba 1928. Hapo mkono wa kushoto wakimbia. Smith haimbi, bali huwaamuru wachezaji wasimame, kisha waanze tena; nanyi mtasikia wazi jinsi vipimo 12 vinavyokwisha na kurudi. Miezi mitatu baadaye alipigwa risasi katika nyumba ya dansi, akafa kabla ya kuona faida yake.

Meade Lux Lewis naye aliiga gari moshi. Mkono wake wa kushoto ni magurudumu yapitayo juu ya maungo ya reli, wa kulia ni filimbi na kengele. Aliipiga kwanza mwaka 1927 kwa kampuni ya Paramount, iliyokuwa mali ya kiwanda cha viti. Sahani zake zilikuwa hafifu, na mkwaruzo huufunika muziki. Kisha akasahauliwa. John Hammond alimtafuta, akamkuta Chicago akiosha magari, na mwaka 1935 akaipiga tena. Anzeni na hiyo ya pili. Mwaka 1938 Lewis alipiga katika Carnegie Hall, New York, mbele ya watu waliovaa nguo za heshima.

Wa mwisho awe Jimmy Yancey, mtunza uwanja wa mpira wa besiboli, asiyetia santuri hata moja mpaka mwaka 1939. Hana haraka, na huacha nafasi za kimya. Tena alikuwa na desturi ya ajabu: wimbo uwe wa ufunguo wowote, karibu kila mara huumaliza kwa sauti ile ile moja.