Hifadhi ya msimbo kwenye kompyuta ya mchangiaji

Hifadhi ya msimbo ya mchangiaji ni nakala ya faili za mradi, pamoja na historia ya mabadiliko yake, inayokaa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Miradi mingi ya programu huria hutunza nyaraka kama inavyotunza msimbo, hivyo anayetaka kurekebisha maelezo ya mradi huanza kwa kuandaa hifadhi hiyo.

Chombo kinachotumika zaidi kuandaa hifadhi hiyo ni Git. Linus Torvalds alikiunda Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bila malipo BitKeeper, mfumo waliotunzia historia ya msimbo wao. Katika mifumo mingi iliyotangulia, kama CVS na Subversion, kila badiliko lilipaswa kupelekwa kwenye seva ndipo lirekodiwe. Kwa Git, mtu huandika, hurekodi na hurudi nyuma akitaka, hata mtandao usipokuwepo.

MDN Web Docs, nyaraka za HTML, CSS na JavaScript zilizoanzishwa na Mozilla mwaka 2005, zinaonyesha utaratibu huu vizuri. Zamani zilikuwa wiki, na ukurasa ulihaririwa moja kwa moja kwenye kivinjari. Desemba 2020 zilihamia GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya Git, na tangu hapo kila pendekezo hukaguliwa kabla ya kupokelewa. Kusahihisha neno moja bado kunawezekana kwa kivinjari tu. Anayegusa kurasa kadhaa, au kuongeza picha, anahitaji hifadhi yake.

Mchangiaji hutengeneza kwanza nakala ya mradi chini ya akaunti yake ya GitHub, kisha huishusha kwa amri ya git clone. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa sasa kuna hifadhi tatu: ya mradi, ya akaunti yake, na ya kompyuta. Git huiita ya akaunti origin. Ile ya mradi huongezwa kwa mkono kwa git remote add, na kwa desturi hupewa jina upstream. Mabadiliko mapya huchukuliwa upstream, kazi hupelekwa origin. Asiyeunganisha upstream hujikuta akihariri ukurasa ambao wenzake walishaubadilisha.

Kwa anayenunua bando, ukubwa wa historia ni gharama halisi. Chaguo la --depth 1 kwenye git clone hushusha hali ya sasa pekee. Lile la --filter=blob:none hubakiza historia na kuchelewesha maudhui ya faili za zamani hadi yatakapohitajika; kwa anayekusudia kuchangia kwa muda mrefu, hili ndilo bora.

Kabla ya kurekodi chochote, jina na barua pepe huwekwa kwa git config. Jambo hili lastahili uangalifu: anwani hiyo huandikwa ndani ya kila badiliko, na yeyote anayesoma historia ya mradi ataiona. GitHub hutoa anwani mbadala kwa asiyetaka kuanika yake.

Kila kazi hufanyiwa tawi lake, yaani mfululizo wa mabadiliko uliotengwa, na tawi kuu huachwa bila kuguswa. MDN huhitaji pia Node.js, inayomwezesha mwandishi kuona ukurasa kwenye kivinjari chake kabla ya kuutuma. Baada ya hapo tawi husukumwa origin, ombi la kuunganisha hufunguliwa, na masahihisho ya wakaguzi huongezwa kwenye tawi lilelile.