Nani Alimlipia Injinia?

Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926. Lilikuwa tawi lililochepuka pale Leseru, kutoka kwenye njia kuu iliyopita Eldoret ikielekea Uganda, na halikujengwa kwa ajili ya mtu wa Kachibora. Lilijengwa libebe mazao ya walowezi, wengi wao wanajeshi Wazungu waliogawiwa mashamba ya Trans Nzoia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Aliyepima njia alikuwa Mzungu. Aliyebeba udongo kwa karai alikuwa Mwafrika.

Tumezoea kusimulia hadithi hiyo kwa hasira, na hasira ni haki yetu. Lakini kuna swali la pesa ndani yake ambalo huwa tunalipita haraka. Yule aliyepima, nani alimlipia masomo? Na sisi tulipopata wapimaji wetu wenyewe, nani aliwalipia? Nadhani ukijibu hilo utajua pia kwa nini barabara nyingi za huku kwetu ziko vile zilivyo.

Wakoloni hawakukataa kumfundisha Mwafrika ujenzi. Walikata tu kipimo cha elimu hiyo. Mwaka wa 1924 walifungua kituo cha ufundi kule Kabete, vijana wakafundishwa uashi, useremala na uhunzi. Mwaka huohuo tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikihimiza elimu ya kazi za mikono. Fundi, sawa. Injinia, hapana. Tofauti yao si akili: fundi anaweza kukuambia ukuta huu utasimama, na mara nyingi anasema kweli. Injinia anatakiwa akuonyeshe hesabu, kisha atie sahihi, na ukianguka yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Kumnyima mtu hesabu ni kumnyima sahihi.

Mlango ulifunguka polepole. Chuo cha Royal Technical College kilipata hati ya kifalme mwaka wa 1951, na wanafunzi wa kwanza wakaingia Nairobi mwaka wa 1956. Mwaka wa 1961 kikawa Royal College, kikiandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Baadaye kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kazi zikagawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Kwa hiyo kijana wa Mwanza au Mbale aliyetaka kujenga madaraja alipanda basi kuja Kenya. Mwaka wa 1970 chuo hicho kilivunjwa mara tatu, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikazaliwa.

Sasa, pesa. Miaka hiyo ya mwanzo serikali ililipa karibu kila kitu. Mwaka wa 1974 ikaleta mkopo wa chakula na malazi, lakini karo haikuwa mzigo wa mzazi. Wanafunzi walipewa hata pesa ya mfukoni, ile wazee waliosoma enzi hizo wanaiita "boom" mpaka leo, kwa sauti ya mtu anayemkumbuka mpenzi. Serikali haikuwa inatoa sadaka. Ilikuwa na wizara tupu zilizoachwa na Waingereza na ilihitaji watu. Uliyemsomesha, ulimpangia kazi: mhitimu wa uhandisi aliingia Wizara ya Ujenzi na akapelekwa wilayani, apende asipende. Aliyelipa ndiye aliyeamua injinia ataishi wapi.

Wananchi nao hawakukaa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 harambee za vyuo vya teknolojia zilienea nchi nzima. Huku Magharibi watu walichangia chuo cha WECO pale Kakamega, kilichoanza mwaka wa 1972. Mwaka wa 2002 kiliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka wa 2007 kikawa chuo kikuu kamili kwa jina la Masinde Muliro, mwanasiasa aliyewakilisha sehemu hizi zetu bungeni. Leo kinafundisha uhandisi wa ujenzi. Kumbe ilichukua miaka 35 kwa harambee ile kuwa chuo kikuu. Wengi waliochanga hawakuishi kuona.

Kisha mwaka wa 1991 hesabu ilibadilika. Serikali ilikuwa imebanwa na wakopeshaji wa nje, ikaondoa boom na kuleta kile walichokiita kugawana gharama. HELB ikaundwa mwaka wa 1995. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na wale wa masomo sambamba, yaliyoanza Nairobi mwaka wa 1998, walilipa mara nyingi zaidi ya hiyo. Mwaka wa 2023 ukaja mfumo mwingine, wa kupima familia kwa kipato na kozi kwa gharama yake. Na ajira ya moja kwa moja wizarani? Hiyo ilikuwa imekwisha zamani.

Shida ya sivili, kama tunavyoiita, ni kwamba haiharakishwi. Ni miaka mitano: hesabu, upimaji ardhi, tabia ya udongo, mwendo wa maji, chuma, zege, barabara. Zege lenyewe hupimwa nguvu zake rasmi likifikisha siku 28, na hakuna bosi wa kuliambia liwahi. Ukimaliza unajiandikisha kwa Bodi ya Wahandisi, halafu unafanya kazi chini ya wakubwa kwa miaka mingine kabla ya kuruhusiwa kutia sahihi yako mwenyewe. Hata hapo kuna waliokwama mlangoni. Wahitimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Egerton walikataliwa na bodi, wakaenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Upeo, iliyotoa uamuzi mwaka wa 2018. Hiyo miaka yote, mtu anakula nini?

Mimi niliacha sivili mwaka wa tatu. Sikufeli somo hata moja. Karo ilikwisha kabla ya masomo. Nyumbani walikuwa wameuza mahindi ya misimu miwili na ng'ombe. Nasema hili si ili unihurumie, maana niko sawa. Nasema kwa sababu fikiria kama ningemaliza. Ningerudi Kachibora kweli? Kwa deni la HELB na wadogo zangu wanaongoja zamu yao? Ningeenda Nairobi kusimamia maghorofa, na hakuna ambaye angenilaumu.

Hapo ndipo ninapoliona jambo lenyewe. Serikali ilipolipa, wilaya ilipata injinia. Familia inapolipa, injinia anafuata pesa ili airudishie familia. Kijiji kinauza mahindi, kinasomesha, na kinabaki bila mtu wa kupima mtaro.

Na mitaro ipo. Vijito vinashuka kutoka milima ya Cherangani vikiingia mto Nzoia, unaokwenda kumwaga maji yake Ziwa Viktoria kule Budalangi. Kila mahali barabara inapokikata kijito, mtu anatakiwa ajue mvua kiasi gani hunyesha, eneo gani linakusanya maji hayo, na mteremko ukoje, ndipo achague kalavati. Ukiweka bomba dogo, maji yatapita juu, na barabara itaondoka nayo.

Tangu 2013 barabara za mashinani ni kazi ya kaunti. Kaunti na wabunge pia hutoa basari, lakini huigawa vipande vidogo ili kila mtu apate kitu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini karo ya muhula haingoji kibaba kijae. Ingekuwa heri kila wadi ichague mwanafunzi mmoja wa uhandisi, imlipie yote kwa miaka mitano, imshike mkono mpaka bodi imsajili, kisha imdai miaka mitano ya kazi hapahapa. Wapo watakaosema huo ni upendeleo. Labda. Lakini si jambo geni: ndivyo nchi hii ilivyopata mainjinia wake wa kwanza, ilipokuwa maskini kuliko sasa.