Moto Usiozimika: Roketi za Malindi

Wavuvi wa ndagala wa Baraka, wakiwa ziwani usiku na taa zao, pengine huona nyota ndogo ikitembea taratibu kati ya nyota nyingine. Haianguki, wala haipotei upesi. Hiyo si nyota, ni setilaiti, chombo kilichopelekwa juu kwa roketi. Wengi hudhani kwamba vyombo hivyo vyote hutoka nchi za mbali. Kumbe vingine vilirushwa katika pwani ya Kenya, karibu na Malindi.

Mwenye shauri hilo alikuwa Mwitalia Luigi Broglio, mwalimu wa chuo kikuu cha Roma. Alitaka mahali karibu na Ikweta, kwa sababu huko dunia huzunguka kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki hupata mwendo huo bure, kama mtumbwi unaosukumwa na upepo wa nyuma.

Roketi yenyewe ilikuwa Scout ya Marekani, yenye vipande vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ndani hamkuwa na mafuta ya maji, bali mafuta makavu, magumu, mfano wa baruti. Hayataki pampu, nayo huweza kuwekwa tayari siku nyingi. Lakini yakiisha kuwaka, hayazimwi. Basi, fundi asiyejaribu kwanza atapoteza roketi na chombo pamoja.

Kwa hiyo Waitalia walikwenda hatua kwa hatua. Tarehe 15 Desemba 1964 walirusha San Marco 1 huko Marekani, wapate kujifunza kazi. Tarehe 26 Aprili 1967 walirusha San Marco 2 kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini. Chombo hicho kilipima hewa nyembamba ya juu, tena kilionyesha kwamba jukwaa lafaa. Ndipo Wamarekani walipoleta chombo chao cha thamani. Kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, nacho kikaitwa Uhuru. Kilikuwa cha kwanza kutumwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni. Katika orodha yake ya mwisho vilihesabiwa vyanzo 339 vya miali hiyo. Hivyo neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote.

Wajapani nao walitumia mafuta makavu. Roketi yao Lambda 4S ilishindwa mara 4, tangu 1966 hadi 1969. Tarehe 11 Februari 1970 ilifaulu kupeleka Ohsumi, chombo cha kilo 24 tu. Tarehe 16 Februari 1971 roketi kubwa zaidi, Mu-4S, ilipeleka Tansei. Kazi ya Tansei ilikuwa kuijaribu roketi hiyo na mitambo ya chombo chenyewe, basi. Septemba ya mwaka uleule Shinsei ikafuata, na uchunguzi wa kweli ukaanza.

Jukwaa la Malindi lilirusha setilaiti yake ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Lakini fundisho lake halijazeeka. Wahenga walisema: Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hata mtumbwi mpya hujaribiwa kwanza karibu na ufuo, kabla ya kuvushwa ziwa. Basi, kijana anayeanza na kitu kidogo, akashindwa, akaanza tena, asichekwe.