Argo ni Nini? Fahamu Maboya 4,000 Yanayopima Joto la Bahari, na Vile Yanaguza Mvua ya Mtaa Wako

Unakumbuka mwisho wa 2023? Kila base stori ilikuwa El Niño. Mara serikali iseme inakuja, mara iseme haitafika, na wasee mtandaoni wakageuza hiyo maneno kuwa kichekesho. Alafu Novemba ikafika na kicheko kikaisha. Garissa, Mandera na Tana River zikajaa maji, barabara zikakatika, na kabla mwaka uishe zaidi ya watu 100 walikuwa wamepoteza maisha hapa Kenya.

Lakini jiulize kitu moja. Watu wa hali ya hewa walijua aje miezi kadhaa mapema kwamba kuna kitu kinapikwa? Hawakuangalia mawingu, juu hayo mawingu hayakuwa yameumbika bado. Waliangalia bahari. Na kuna mbogi ya maroboti huko chini ya maji inapiga hiyo kazi usiku na mchana, na wengi wetu hatujawahi hata kuisikia. Inaitwa Argo. Hii hapa rada yote.

Argo ni nini hasa?

Argo ni mradi wa kupima bahari za dunia nzima kwa kutumia maboya yanayojiendesha. (Boya hapa ni chombo cha kuelea majini, si ile boya ya kumtusi msee.) Karibu nchi 30 zinachangia, na hakuna mwenye mradi mmoja: kila nchi inaleta maboya yake na data yote inawekwa pamoja.

Maboya ya kwanza yaliingia majini 1999. Kufikia 2007 yalikuwa yamefika 3,000, na siku hizi ni kama 4,000. Yametawanyika kiasi kwamba kutoka boya moja hadi lingine ni kama kilomita 300 kwa wastani. Hiyo ni zaidi kidogo ya Nairobi hadi Kisumu ukienda na ndege. Bahari ni kubwa, manze.

Jina limetoka kwa hekaya ya Wagiriki wa kale, ambapo jamaa anaitwa Jason alisafiri na meli inaitwa Argo. Wanasayansi walikuwa na setilaiti ya kupima kimo cha bahari inaitwa Jason, so maboya yakaitwa Argo ndio wawili hao wafanye kazi pamoja.

Boya moja linafanya kazi aje?

Chora akilini bomba nene lenye antena juu, ukilisimamisha linakaribia kimo cha mtu mzima, uzito kilo 20 hadi 30. Halina injini wala panga la kusukuma maji. Linafuata ratiba hii:

1. Linazama hadi mita 1,000 na kuachia mkondo wa maji ulibebe kwa siku kama tisa.
2. Linashuka tena hadi mita 2,000. Ukipanga KICC 19 moja juu ya nyingine, hapo ndio utafika.
3. Linaanza kupanda polepole, na njiani linapima joto, chumvi na presha ya maji.
4. Likifika juu linatuma hizo namba kwa setilaiti, pamoja na mahali liko.
5. Linazama tena. Mzunguko mzima ni siku 10.

Sasa linapanda na kushuka aje bila injini? Ndani kuna mafuta, na chini kuna mfuko wa mpira ulio nje ya bomba. Pampu ikisukuma mafuta hadi kwa ule mfuko, boya linakuwa kubwa lakini uzito unabaki uleule, so maji yanalisukuma juu. Mafuta yakirudi ndani, boya linakuwa dogo na linazama. Ni hivyo tu.

Betri inaishi kama miaka minne hadi mitano. Ikikata moto, boya lenyewe kwa kawaida haliokotwi, juu kutuma meli katikati ya bahari kulitafuta kungegharimu doh kuliko boya lenyewe.

Si wangetumia tu setilaiti?

Setilaiti ni fiti, lakini joto inaloona ni la ngozi ya bahari peke yake. Ni kama kugusa ugali juu ukasema imepoa. Ingiza kidole ndani ndio utajua hujui.

Na joto la dunia limejificha hapo ndani. Kati ya joto lote la ziada ambalo limetokana na sisi kuchoma makaa, mafuta na gesi, zaidi ya asilimia 90 imemezwa na bahari. Hewa tunayopumua imebeba kipande kidogo tu. So msee akikuambia "mwaka huu kulikuwa na baridi, hakuna mabadiliko ya tabianchi," anaangalia mahali pasipo. Hesabu ya kweli iko baharini.

Kitambo hiyo hesabu ilifanywa na meli. Kati ya 1872 na 1876, meli ya Uingereza inaitwa Challenger ilizunguka dunia ikiteremsha vipimajoto kwa kamba. Mwaka 2012 wanasayansi wakalinganisha namba za Challenger na za Argo mahali palepale. Wakapata maji ya kutoka juu hadi mita 700 yameongeza joto kwa wastani wa nyuzi 0.33. Unaweza ona ni kidogo, lakini fikiria ni moto kiasi gani unahitajika kupasha bahari nzima, wakati sufuria moja ya chai inakumalizia gesi.

Shida ya meli ni kwamba hufuata njia zake za biashara, na hakuna nahodha anataka kukaa bahari ya kusini wakati wa baridi kali na mawimbi ya kutisha. Boya halilalamiki. Ndio maana kufikia 2018 Argo ilikuwa imepima bahari kutoka chini hadi juu zaidi ya mara milioni 2.

Hii inaguza mvua yangu aje?

Hapa ndio penyewe. Bahari Hindi inafanya kama mizani. Upande mmoja ni wetu wa Afrika Mashariki, ule mwingine ni wa Indonesia na Australia. Kuna miaka upande wetu unapata joto zaidi na ule wao unapoa. Maji moto yanatoa mvuke mwingi, na sisi tunapata mvua nzito ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Wao wanapata ukame. Miaka mingine mizani inageuka, na sisi ndio tunakauka. Wanasayansi wanaiita Dipoli ya Bahari Hindi, na ilielezwa rasmi 1999 tu.

Cheki 2019. Mizani iliinama upande wetu vibaya sana. Hapa kukawa na mafuriko, na West Pokot maporomoko ya ardhi yakaua watu wengi Novemba. Miezi hiyohiyo, Australia ilikuwa inateketea na moto wa misitu. Bahari ni ile moja. Alafu kuanzia mwisho wa 2020 mambo yakageuka: misimu mitano ya mvua ikakosa kufuatana, mifugo ikafa kaskazini, na bei ya unga ikakufuata hadi kwa duka la mtaa.

Ili ujue mizani itaegemea wapi, lazima ujue joto lililo chini ya uso wa maji. La juu linaweza badilishwa na upepo wa siku chache. La chini linakaa, na ndilo linakupa miezi ya kujipanga. Argo haifanyi hiyo kazi peke yake, kuna setilaiti na pia maboya yaliyofungwa nanga, lakini ndiyo inafika chini na kufika kila mahali. Inasaidia zaidi kwa mvua za vuli. Masika, ile ya Machi hadi Mei, ni ngumu zaidi kutabiri.

Na si mvua pekee. Maji yakipata moto yanapanuka. Karibu nusu ya kupanda kwa bahari tangu miaka ya 1970 imetokana na hiyo. Wasee wa Mombasa na Lamu, hiyo ni yenu.

Wakati maharamia walifunga bahari

Unakumbuka maharamia wa Somalia? Hawakuteka tu meli za mizigo. Waliacha pia pengo kwa data. Meli za utafiti ziliogopa kupita, na kufikia 2011 karibu robo ya Bahari Hindi haikuwa inaweza kupelekewa maboya mapya. Shirika la sayansi la Australia, CSIRO, likalazimika kuomba jeshi la majini la Australia na la Marekani liwasaidie kuyaangusha.

Ona vile hiyo ni noma. Bahari inayoamua kama Kitui watavuna ndiyo ilikuwa inakaribia kukosa macho. Na hakuna kurudi nyuma kupima: joto la leo usipolipima leo, limeenda.

Kwa hivyo wasiwasi ni gani sasa?

Doh. Boya moja la kawaida ni zaidi ya dola 20,000, yaani zaidi ya Sh2.5 milioni. Kwa sababu betri zinakufa, inabidi kama maboya 800 mapya yaingie majini kila mwaka ndio idadi isishuke. Marekani pekee hutoa karibu nusu, na hakuna sheria inayolazimisha nchi yoyote kuendelea. Bajeti ikikatwa huko, hutasikia kishindo chochote hapa. Maboya yatanyamaza moja baada ya lingine, na utabiri utaanza kubahatisha.

Na kazi inazidi kuongezeka. Kuna maboya mapya yanayofika mita 6,000, na mengine yanayopima oksijeni, virutubisho na asidi ya maji. Hiyo ya asidi ni muhimu juu bahari pia inameza kama robo ya kaboni tunayotoa, na maji yakizidi asidi, matumbawe na samaki wanaoyategemea wanaumia.

Wewe unaingia wapi?

Kwanza, data ya Argo ni ya bure. Namba zinafika mtandaoni ndani ya saa 24 baada ya boya kuzituma, na hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Kama unajua kuandika kodi, kuna maktaba ya Python inaitwa argopy inayokuvutia hiyo data moja kwa moja. Laptopu, bando, na uko ndani ya Bahari Hindi.

Pili, kama uko Pwani na ukute boya limesukumwa ufuoni au limenasa kwa wavu, usilifungue. Ndani kuna betri za lithiamu na linaweza kuwa na presha, linaweza kukulipukia. Soma maandishi yaliyobandikwa juu yake na upige ripoti. Ofisi za utafiti wa bahari za KMFRI ziko Mombasa.

Tatu, Idara ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa vuli, usikimbilie tu ule mstari wa "mvua itanyesha". Tafuta pale wanaongelea joto la Bahari Hindi. Wakisema upande wetu uko na moto kuliko wa Indonesia, mwambie buda wako wa ocha afungue mitaro mapema, na kama unaishi karibu na mto, anza kupanga pa kuhamia kabla maji yakubishie mlango.